Vitufe Vitatu na Spika ya Mama Urio

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, Jumamosi, nilipobonyeza neno "Endelea", na kama kuna aibu yangu ambayo mtaa mzima unaweza kuisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe, ni hiyo iliyoanzia hapo. Nimeamua kuiandika kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza chumvi (Seif wa viatu, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, siku hizi anasema spika ilitaja hadi umri wangu, jambo ambalo si kweli), nami ni mtu ninayependa jambo lielezwe kwa mpangilio, hata kama mpangilio wenyewe unanivua nguo.

Naitwa Bakari. Umri wangu umeshapita hamsini, ninaishi Mchafukoge, na ninafanya kazi Kariakoo kwenye duka la jumla la mashuka na mapazia la Mama Urio, mama wa Kichaga aliyeshuka kutoka Rombo akiwa binti na kuanza biashara kwa kuuza leso za kubeba mkononi. Kompyuta sikuisomea popote. Niliajiriwa kupima na kukata mapazia, na kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kufungua, kuharibu na kutengeneza, na kwa kusoma vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini karibu na Mnazi Mmoja, ambavyo mara nyingi hukosa sura ya mwisho. Kwa hiyo nilichokijua nilikijua vizuri, na nisichokijua kilikuwa kwenye sura ya mwisho.

Wakati fulani mashine ya duka ilikuwa inaugua virusi kila baada ya wiki chache, nikamshawishi Mama tuhamie Linux, mfumo ambao hatuulipii na ambao virusi vya vile vijiti vya flashi wanavyoleta wateja haviuwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sharti.

"Sawa, Bakari. Lakini siku itakaponigomea mbele ya mteja, unairudisha ile ya zamani, na wewe unarudi kwenye futi yako ya mapazia."

Nikakubali. Tangu siku hiyo sikushika futi tena. Nilikuwa na meza, kiti kinachozunguka na feni yangu nyuma ya duka, na nisifiche, nilikuwa naogopa sana kuvipoteza.

Sasa spika. Anayeifahamu Kariakoo anajua kwamba duka lisilo na spika mlangoni ni kama bubu aliyepelekwa mnadani. Yetu inaning'inia juu ya mlango, imeelekea barabarani, na waya wake unapita darini mpaka nyuma ya kompyuta yangu, maana tangazo la duka linapigwa kutoka kwenye kompyuta. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mimi nilipendekeza kiredio kidogo cha pembeni, akasema hataki kununua vitu viwili kwa kazi moja. Chini ya spika kuna benchi, na kwenye benchi ndipo Mama anapofanyia biashara zake kubwa, mteja kashika soda, mikono inapiga hesabu hewani. Mtaa wetu una desturi moja ambayo haijaandikwa mahali lakini inatunzwa kuliko iliyoandikwa: bei iliyotoka kwenye spika yako ndiyo bei yako. Bei ya mdomo unaweza kuizungusha, ukasema ulimaanisha ile ya jana au ile ya rangi nyingine, lakini bei ya spika imesikiwa na mtaa mzima, na ukiikana, kabla ya jua kuzama hata wasukuma mikokoteni watakuwa wanakuita mwongo.

Kitu cha mwisho cha kujua kabla sijaendelea ni kwamba ile mashine ilikuwa na sauti ya Kiswahili. Niliipakia mwenyewe, nikitegemea isome matangazo ili tusiwe tunamlipa kijana wa kurekodi. Mama aliisikiliza mara moja tu, akasema inaongea kama mtu aliyekabwa koo, na mradi ukafia hapo. Sauti sikuifuta. Mimi si mtu wa kufuta vitu ovyo (neno hili mlikumbuke, linarudi).

Basi, Jumamosi hiyo. Mashine ilikuwa imenionyesha kwa siku kadhaa kwamba kuna toleo jipya la mfumo, na mimi nilikuwa nimeshalisoma lote linalosemwa juu yake. Kanuni yangu ni kwamba toleo halipandishwi siku ya kazi. Lakini jioni ya Ijumaa nilikuwa nimenunua kifurushi kikubwa cha intaneti kwa simu ambacho kingeisha Jumamosi hiyo hiyo, Mama alikuwa amesema atapitia benki kwanza, wateja wa jumla hawajazi mtaa kabla ya saa nne, na mimi nilipopiga hesabu yangu niliona muda unatosha na unabaki. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokuwa na makosa ni mpiga hesabu.

Kazi ilikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, ambapo mashine iliniuliza kama iondoe vifurushi vya zamani vya programu visivyohitajika, na ikaniwekea orodha ndefu. Nikasoma mistari kumi hivi ya juu, yote takataka tupu, na kwa kuwa napenda usafi nikasema ondoa. Orodha iliendelea chini, mbali kabisa na jicho langu, na huko chini ndiko walikokaa wenyewe, yaani Mipangilio. Kwa msomaji asiyejua, Mipangilio ni kile chumba kwenye kompyuta ambamo unawasha na kuzima kila kitu: printa, sauti, lugha, ukubwa wa maandishi. Mimi nilikuwa nimekitoa chumba kizima nje pamoja na takataka, kwa idhini yangu mwenyewe, na mashine ikanishukuru.

Ilipojizima na kuwaka tena niliona mara moja kwamba mambo hayakuwa sawa. Maandishi yalikuwa yamekuwa makubwa kama ya bango la barabarani. Tangazo la duka, ambalo hujipiga lenyewe mashine ikiwaka, lilikuwa kimya, amri ya kulianzisha imefutika. Nikajaribu kuchapa karatasi ya majaribio, nikajibiwa kwamba hakuna printa, na printa yenyewe ilikuwa hapo hapo, taa yake ya kijani inawaka, inanitazama. Nikasema hakuna shida, naingia kwenye Mipangilio narudisha. Nikatafuta ile alama ya gurudumu lenye meno. Haipo. Nikafungua orodha ya programu zote, nikapitia moja moja, nikarudia kutoka chini kwenda juu. Haipo.

Wakati huo huo nikasikia sauti ya Mama mlangoni, na hakuwa peke yake.

Alikuwa na Mama Komba, mfanyabiashara wa Songea, mteja wa siku nyingi, mwembamba, mpole wa sauti, na katika wote wanaokaa kwenye lile benchi hakuna anayejua kupunguza bei kama yeye. Alitaka mashuka ya sita kwa sita, jozi mia tatu. Mdogo wake aliyebaki Songea ndiye mshika fedha, na hatoi hata shilingi mpaka apigiwe picha ya karatasi ya bei yenye muhuri wa duka, na benki Jumamosi zinafungwa mchana. Kwa hiyo karatasi ilitakiwa itoke, itoke mapema, na itoke kwenye printa ambayo kwa mujibu wa mashine yangu haikuwepo duniani.

Mama akaingia hadi nyuma nilipo, akapita kwa ubavu kati ya marobota (ana goti linalomsumbua, na njia ya kuja kwangu ni nyembamba, kumbukeni na hilo).

"Bakari, mbona tangazo limenyamaza?"

Hapa ningesema kweli. Ningesema, Mama, nimepandisha toleo asubuhi hii na kuna kitu kimepotea, nipe muda. Angenisema kidogo, tungeandika karatasi kwa mkono, yangeisha. Lakini nilikiona kiti changu kinachozunguka, nikaiona na ile futi ya mapazia ikining'inia kwenye msumari wake.

"Ni mtandao, Mama."

"Tangazo nalo linatumia mtandao?"

"Siku hizi kila kitu kinatumia mtandao, Mama."

Akanitazama kidogo, kisha akainama, akanitia neno sikioni kwa sauti ambayo hata robota la jirani lisingeisikia. "Naanzia ishirini. Mwisho wangu kumi na sita, lakini huko simfikishi, huyu nitamuachia kwenye kumi na nane. Andaa karatasi. Nikikupigia simu unaweka bei, unachapa, unaleta."

Akaondoka kwa ubavu. Nami nikabaki na jasho linalotiririka feni ikiwa inanipiga usoni.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichoniponza, na nilikifanya kwa haraka, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikumbuka kwa mbali kwamba kuna njia ya mkato ya kibodi inayofungua vitu vya Mipangilio, na kwamba ina herufi S ndani yake. Nikaanza kubonyeza S pamoja na kila kitufe kilicho jirani: S na hiki, S na kile, S na viwili kwa pamoja, bila kuandika pembeni nimebonyeza nini na kimetokea nini. Mtu mzima, tena mwenye kanuni, nilikuwa nagonga kibodi kama kuku anayedonoa mchele. Hakuna kilichofunguka. Hakuna kilichobadilika kwenye skrini.

Kwenye skrini, nasema. Kumbe viwili vya pembeni na S vikibonyezwa pamoja vinawasha kisoma skrini, yaani msaidizi wa watu wasioona, anayesoma kwa sauti kila kinachoguswa. Na msaidizi huyu, kwa kuwa toleo jipya lilikuwa limerudisha sauti kwenye kiwango chake cha juu kabisa, na kwa kuwa kompyuta yangu haina mdomo mwingine isipokuwa ile spika ya mlangoni, akaanza kazi yake huko barabarani, kwa ile sauti yangu ya mtu aliyekabwa koo.

Mtaniuliza, hukusikia? Nilisikia. Nyuma ya duka nimezungukwa na marobota ya mashuka, feni inavuma, na barabarani kuna spika za watu zaidi ya kumi zinauza viatu, dawa ya mende na chaja za simu. Nilisikia sauti kwa mbali ikitaja herufi, moja moja, nikajiambia, leo kuna jirani kaweka tangazo la shule. Nikaendelea.

Nikaunganisha simu kwa waya ili nipate intaneti, nikafungua kwenye kompyuta kundi letu la watumiaji wa Linux, watu wazuri wasioonana uso kwa uso lakini hawaachani kwenye matatizo, nikaandika. Ninavyoandika ni hivi: namaliza ujumbe wote, kisha narudi juu na kushuka mstari kwa mstari kwa kitufe cha mshale, nasoma kila mstari taratibu kabla ya kutuma. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na naamini ndiyo tabia yangu bora kuliko zote. Nayo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu kila mshale uliposhuka mstari mmoja, barabarani mstari huo ulisomwa wote, bila kuruka neno:

"Wakuu, salaam. Nimekwama."

"Leo asubuhi nimepandisha toleo kwenye mashine ya duka bila kumwambia bosi."

"Mipangilio yote imepotea na printa haionekani."

"Bosi kaniuliza, nimemwambia ni mtandao."

"Nisaidieni haraka kabla hajashtuka, maana akijua narudi kupima mapazia."

Yaliyotokea nje niliyajua baadaye kwa vipande, kila mtu na chake. Seif anasema zile herufi za mwanzo alidhani tumefungua chekechea. Lakini sentensi zilipoanza, akazima spika yake ili asikie vizuri, na mwenye dawa ya mende naye akapunguza ya kwake. (Kwenye biashara hawa watu hawasaidiani kitu. Siku hiyo walisaidiana.) Wapagazi wakasimama na mizigo kichwani. Mama Urio alikuwa kwenye benchi, kashika kikokotoo, ndiyo kwanza Mama Komba kafika elfu kumi na nane na kutoa kalamu kwenye pochi, na sauti ikawa inashuka juu ya vichwa vyao kama maji ya mfereji.

"Bosi ndiyo wewe?" Mama Komba akamuuliza.

Mama Urio akashika mkoba wake. Aliinuka. Na kuanzia kuinuka, na lile goti, na watu waliokuwa wameshajaa mlangoni kusikiliza, na ile njia nyembamba ya marobota, mpaka kunifikia, ni muda wa kutosha mtu kufanya jambo moja zaidi.

Nikalifanya. Nilikuwa nimeshatuma ujumbe na ninangoja majibu, na kwa kuwa kukaa bure kunanizidishia wasiwasi, nikaona niandae karatasi ya Mama Komba ili printa ikirudi tu niwe tayari. Kawaida yetu naandika juu ya karatasi bei zote mbili, ya kuanzia na ya mwisho, ili Mama akipiga simu na kusema weka katikati nijue katikati ni wapi, kisha nazifuta kabla ya kuchapa. Nikaandika. Nikarudi juu. Nikashuka kwa mshale.

"Mama Komba, Songea. Mashuka sita kwa sita, jozi mia tatu."

"Bei ya kuanzia, elfu ishirini."

"Bei ya mwisho, elfu kumi na sita."

Halafu, kwa kuwa tarakimu huwa nazihakiki mara mbili, nikapandisha mshale, nikashuka tena.

"Bei ya mwisho, elfu kumi na sita."

Nikasikia kelele za watu barabarani, kama goli limeingia, nikashangaa kuna mechi gani asubuhi. Na hapo Mama akatokea kati ya marobota, kilemba kimekwenda upande.

"Bakari, nyamazisha hicho kitu."

"Kitu gani, Mama? Mimi sijasema neno."

"Wewe hujasema. Mashine yako inasema. Inasema huko nje, yote, mpaka mapazia yako."

Sijui kama mmewahi kusimama mahali mkahisi damu inashuka kutoka kichwani kwenda miguuni, kwa utaratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ndipo nikang'amua: kisoma skrini. Kinazimwaje? Kinazimwa kwenye Mipangilio. Mipangilio iko wapi? Nimeifuta. Nikagusa kibodi, barabarani ikasema herufi. Nikasogeza kipanya, barabarani ikasema "kitufe, funga". Nikaondoa mikono yote miwili juu ya meza kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, nikaanza kumweleza Mama, na nilimweleza kwa mpangilio, Mungu anisamehe, kwamba kuna kifurushi kimeondolewa, na kifurushi hicho ndicho chenye chumba cha kuzimia sauti, na ili kukirudisha lazima kwanza nifungue dirisha la amri, na dirisha la amri nalo litasomwa, na tukikata umeme wa mashine sasa hivi tunaweza kuharibu…

"Waya wa spika ni upi?"

"Huo wa kijani, Mama, lakini…"

Akapitisha mkono nyuma ya mashine, akauchomoa.

Kimya. Kimya cha Kariakoo, ambacho ni kelele za kila mtu isipokuwa wewe. Mama aliushika ule waya, akautazama, akautia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Twende nje," akasema.

Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Mlangoni watu walinipisha kwa heshima ya msibani, isipokuwa Seif, ambaye aliegemea mlango wake na kuniita toka kule.

"Fundi, pole. Mtandao umerudi?"

Wakacheka mpaka wabeba mizigo. Mama Komba peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pale pale, soda mkononi, kalamu ameirudisha kwenye pochi, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Dada yangu," Mama Urio akaanza, akikaa, "tulikuwa tumefika kumi na nane."

"Tulikuwa," Mama Komba akasema. "Sasa tuko kumi na sita."

"Ile ni mashine tu. Haina akili, inaropoka."

"Ndiyo maana nimeiamini, dada. Ingekuwa na akili ingedanganya kama mimi na wewe." Akanywa funda dogo. "Halafu imetoka kwenye spika yako. Tena imerudia mara mbili, nikajua duka hili lina msisitizo."

Mama akanitazama. Ile mara mbili ilikuwa yangu.

"Seif," Mama Komba akaita, bila kupandisha sauti, "ulisikia ngapi?"

"Kumi na sita, mama. Na mwenye dawa ya mende kasikia, na huyu wa mkokoteni kasikia. Sisi ni mashahidi, hatuna upande."

Hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa Mama Urio, na ninayemweleza ni mwanamke niliyemwona akimaliza siku nzima na mteja kwa ajili ya shilingi mia mbili. Aliacha kubishana. Aliitazama spika, akawatazama majirani zake mmoja mmoja, watu ambao atafungua nao duka Jumatatu na Jumatatu nyingine, akaweka kikokotoo chini kwenye benchi.

"Bei ya spika ni bei ya spika," akasema. "Bakari, kaandike kumi na sita. Na hiyo karatasi ipate muhuri kabla benki haijafunga, nisikose bei na mteja kwa siku moja."

Nikarudi nyuma mbio. Wakati nakimbizana na aibu, kundi lilikuwa limeshajibu. Wa kwanza alinipa amri ya mstari mmoja ya kukirudisha kile chumba nilichokifuta. Wa pili, mzee mmoja wa Morogoro mwenye ucheshi mkavu, aliuliza kwa nini mtu mwenye haraka hasemi alibonyeza nini, kisha akaongeza, kwa uangalifu tu, kwamba kama kwa bahati mbaya nimewasha kisoma skrini, nisihangaike na Mipangilio: nibonyeze tena vile vile vitufe vitatu, kitazima. Vile vile. Vilivyowasha ndivyo vinavyozima. Nilikuwa navyo chini ya vidole vyangu muda wote niliokuwa nikimhutubia Mama.

Nikaandika amri, nikaisoma neno kwa neno (bila sauti, waya ulikuwa kwenye mkoba), na safari hii orodha ya vitakavyobadilishwa niliisoma mpaka mstari wa mwisho, kisha nikaurudia mstari wa mwisho. Alama ya gurudumu ikarudi mahali pake kama mtu aliyekwenda dukani mara moja. Nikaingia, nikapunguza maandishi, nikaongeza printa. Ikakubali. Karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine iliyopona ilikuwa ya mashuka jozi mia tatu kwa elfu kumi na sita, safi, mistari imenyooka, na sijawahi kuchapa karatasi nzuri iliyoniuma kama ile. Mama Komba akaipiga picha, akaituma Songea, fedha ikaingia mchana kabla benki hazijafunga. Alipoaga alinishika mkono.

"Baba, usiibadilishe hiyo sauti," akaniambia. "Inaeleweka vizuri."

Mtaa ulipotulia kidogo Mama akaniita kwenye benchi. Nilikwenda na ile futi ya mapazia, nilikuwa nimeshaitoa kwenye msumari mwenyewe ili nimpunguzie maneno. Akaitazama futi, akanitazama mimi.

"Hiyo umeileta ya nini?"

"Sharti lako, Mama. Imekugomea mbele ya mteja."

"Imegoma?" akasema. "Mimi sijaona ikigoma. Imesema kweli kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu, haikupindisha hata neno. Aliyenidanganya ni wewe. Sasa nitaifukuza mashine kwa kosa gani?"

Nikaificha futi mgongoni.

"Mashine inabaki. Ukitaka kuipandisha utaipandisha Jumapili duka limefungwa, baada ya kuniambia. Waya huu ninalala nao mimi, asubuhi nakuletea." Akachukua kikokotoo. "Tulikuwa kumi na nane, tumeuza kumi na sita. Elfu mbili mara mia tatu."

"Laki sita, Mama," nikasema, maana hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga mara mbili.

"Laki sita. Tugawane. Spika ni yangu, mimi ndiye niliyeng'ang'ania iunganishwe huko kwako. Kidole ni chako."

Tangu siku hiyo nikipita mtaani hakuna anayeniuliza habari za asubuhi. Muuza kahawa, wa mkokoteni, Seif, wote salamu yao ni moja: fundi, mtandao umerudi? Najibu umerudi. Na nimeapa mambo mawili: orodha yoyote ninayoulizwa kama ifutwe nitaisoma mpaka chini, na mtu akiniuliza kimeharibika nini, nitamwambia kilichoharibika, hata kama kilichoharibika ni mimi. Juu ya meza yangu nimebandika kipande cha karatasi kinachoonyesha vile vitufe vitatu, na pembeni ya kila kimoja nimeandika bei yake, laki moja, laki moja, laki moja. Jumla niliyokatwa: shilingi laki tatu.